Dirisha la Usajili: Yaliyo Nyuma ya Majina

Dirisha la usajili ni kipindi ambacho klabu ya soka huruhusiwa kuandikisha wachezaji wapya. Kwa kanuni za FIFA, kila shirikisho la taifa hufungua madirisha mawili kwa mwaka: moja kubwa kati ya msimu na msimu, na jingine dogo msimu ukiwa umefika katikati. Yote mawili kwa pamoja hayapaswi kuzidi wiki 16. Nje ya vipindi hivyo klabu inaweza kuzungumza na mchezaji na hata kutia sahihi naye, lakini kwa kawaida hataingia uwanjani hadi dirisha lifunguliwe. Msamaha hupewa mchezaji huru, yaani yule ambaye mkataba wake ulikwisha kabla dirisha halijafungwa.

Katika kaunti za Homa Bay na Migori, wiki za dirisha kubwa hazina mechi lakini zina mabishano tele. Gor Mahia, klabu iliyoundwa mwaka 1968 na inayoshabikiwa mno katika eneo hili, inabeba jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa. Awendo ndiko nyumbani kwa SoNy Sugar, mabingwa wa Kenya mwaka 2006. Uwanja wa Raila Odinga mjini Homa Bay nao umewaletea mashabiki mechi za Ligi Kuu karibu na milango yao. Ndiyo maana kwenye steji za bodaboda, vinyozini na katika vipindi vya redio vya Dholuo, swali huwa moja: nani anakuja na nani anaondoka? Swali hilo ni la haki, lakini jina la mchezaji ni tunda la mambo mawili yanayotangulia: mkataba na pesa.

Mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauruhusiwi kuzidi miaka mitano, na kwa aliye chini ya umri wa miaka 18 hauzidi mitatu. Mkataba ukiwa bado hai, klabu inayomtaka hulipa ada ya uhamisho ili aachiliwe. Ukibakisha miezi sita au chini ya hapo, mchezaji ana ruhusa ya kukubaliana na klabu nyingine na kuondoka bure siku unapokwisha. Mkataba unaoisha tarehe 30 Juni, kwa mfano, humfungua mchezaji kuzungumza kuanzia Januari. Mashabiki wanapolalamika kwamba nyota ameachwa aende bila klabu kupata hata shilingi, kosa huwa halikufanyika mwezi wa Julai. Lilifanyika mwaka mmoja nyuma, uongozi ulipokosa kuurefusha mkataba wakati klabu ingali na nguvu ya kujadiliana.

Hapa soka inatofautiana sana na mpira wa kikapu wa Marekani, unaofuatwa na vijana wengi wa maeneo haya. Katika NBA, klabu hubadilishana mikataba ya wachezaji, na kwa kawaida mchezaji hana sauti. Februari 2025, Dallas Mavericks walimpeleka Luka Dončić kwa Los Angeles Lakers na kumchukua Anthony Davis, na nyota hao wawili wakahama bila kuombwa ridhaa. Katika soka jambo hilo haliwezekani. Klabu mbili zinaweza kuafikiana bei, lakini mchezaji asipokubali masharti yake binafsi, hakuna uhamisho. Tena akivuka mpaka wa nchi, shirikisho anakotoka lazima litoe cheti cha uhamisho wa kimataifa kupitia mfumo wa FIFA wa mtandaoni. Nyaraka zikichelewa hadi dirisha lifungwe, mchezaji aliyekwisha kutambulishwa kwa mashabiki hukaa jukwaani hadi dirisha lijalo.

Jambo linalobishaniwa zaidi ni iwapo kuondoka kwa nyota mmoja huiangusha timu. Historia ya Gor Mahia ina majibu mawili. Mwaka 2015 timu ilitwaa ubingwa bila kupoteza hata mechi moja, na Michael Olunga akafunga mabao 19. Mapema mwaka 2016 Olunga alihamia Djurgården ya Sweden, na msimu huo ubingwa ukaenda kwa Tusker. Lakini katikati ya mwaka 2018 Meddie Kagere wa Gor Mahia alijiunga na Simba ya Tanzania, ambako aliibuka mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, na bado Gor Mahia ikamaliza mwaka huo ikiwa bingwa. Mwaka 2019 Jacques Tuyisenge alikwenda Petro de Luanda ya Angola, naye Francis Kahata akamfuata Kagere Simba. Hata hivyo Gor Mahia ilitangazwa bingwa wa msimu wa 2019/20, uliokatizwa na janga la korona. Kuondoka kwa mtu mmoja, basi, hakutoshi kutabiri msimu. Kinachopaswa kutazamwa ni kina cha kikosi: nani yuko nyuma ya aliyeondoka, amecheza dakika ngapi, na je, mfumo wa kocha ulimtegemea mtu mmoja au uligawa kazi.

Pesa ndiyo nguzo ya pili, na somo lake kali zaidi limetoka Awendo. SoNy Sugar ilikuwa timu ya kiwanda cha sukari, na ilitegemea hali ya kiwanda hicho pamoja na mgao wa udhamini wa ligi. Agosti 2019 kampuni ya SportPesa ilijiondoa katika udhamini wa soka nchini baada ya mvutano na serikali kuhusu kodi na leseni. Msimu wa 2019/20 ukiwa bado mchanga, SoNy Sugar ilishindwa kufika uwanjani mara tatu, na kwa mujibu wa kanuni ikafukuzwa Ligi Kuu. Timu iliyokuwa bingwa miaka 13 kabla haikuangushwa na udhaifu wa mabeki wala ukosefu wa mshambuliaji. Iliangushwa na ukosefu wa fedha za kufika mechini.

Deni nalo huweza kuufunga mlango wa usajili wenyewe. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuipa klabu ilani ya siku 15, na asipolipwa ana haki ya kuvunja mkataba. Klabu inayokaidi uamuzi wa kulipa deni huzuiwa kusajili hadi ilipe. Gor Mahia na AFC Leopards zote mbili zimewahi kupewa adhabu hiyo kwa kutowalipa watu waliozitumikia. Klabu ikiwa katika kifungo hicho, orodha ya majina inayosambaa mitaani haina maana. Swali lenye uzito ni deni limefikia wapi.

Kuna upande mmoja ambao mabishano huusahau, nao unazihusu moja kwa moja timu za vijijini: pesa za malezi. Mchezaji anapouzwa kuvuka mpaka akiwa na mkataba, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 huhesabiwa asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 asilimia 0.5. Ada ikiwa shilingi milioni 10, klabu ya Rongo au Mbita iliyomlea kijana kwa misimu mitatu, tangu akiwa na miaka 16 hadi 18, inastahili shilingi 150,000. Tangu Novemba 2022, malipo haya hupitia asasi maalumu ya FIFA inayosoma pasipoti ya mchezaji, yaani rekodi ya kila klabu aliyoandikishwa.

Rekodi hiyo hujengwa na usajili peke yake. Kijana aliyecheza miaka mitano katika timu isiyosajiliwa na shirikisho, au ambaye kadi yake haikuwahi kujazwa, huonekana kana kwamba hakulelewa na mtu, na mgao wa timu iliyomlea haupo. Mchezaji anayeondoka bure pia hazalishi mgao huu, kwa kuwa hakuna ada ya kugawa. Kwa klabu ndogo za Homa Bay na Migori, kazi ya kwanza ya dirisha la usajili ni kuwaandikisha kikamilifu vijana zilizo nao tayari, kila msimu, kabla hata ya kutafuta mgeni mmoja.