Weusi wa Shingoni Si Uchafu: Kisukari Kinavyojijenga Kabla ya Balehe

Mama wa Bagamoyo, hapa mjini Tukuyu, anayemsugua bintiye shingoni kwa dodoki kila asubuhi, huenda anajichosha bure. Ngozi nyeusi, nene na laini kama mahameli, inayojitokeza shingoni au makwapani mwa mtoto mnene, mara nyingi huashiria kwamba mwili wake umeanza kuwa sugu kwa insulini.

Insulini ni homoni ya kongosho inayowezesha sukari kutoka katika damu na kuingia kwenye seli. Seli zikiwa sugu, kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo, kipimo cha sukari huweza kuwa cha kawaida kwa miaka kadhaa ilhali kongosho linaelemewa. Balehe yenyewe huongeza usugu huo kwa kila kijana, kisha hupungua balehe ikiisha. Aliyeingia balehe na mafuta mengi tumboni hana uhakika wa nafuu hiyo.

Tusidhani kwamba haya ni maradhi ya watoto wa matajiri. Rungwe ina ndizi, viazi na maziwa tele, lakini shibe si lishe. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, kisha akanenepa upesi utotoni, hubeba hatari kubwa zaidi ukubwani. Na kunenepa huko ndiko majirani hukusifu.

Mhudumu wa zahanati asingoje maabara. Utepe unatosha kuanzia: kwa mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule, mzunguko wa kiuno usifike nusu ya urefu wake. Shinikizo la damu lipimwe kwa mkanda unaolingana na mkono wake, kwani ule wa mtu mzima huweza kuficha tatizo.

Sishauri kumnyima chakula mtoto anayekua. Aondolewe kwanza soda, ambayo chupa moja huweza kuwa na sukari zaidi ya gramu 30, na chai ipunguzwe sukari. Acheze au atembee kwa dakika 60 kila siku. Milima yetu ni msaada mkubwa, iwapo bodaboda itaachwa.

Akiwa na kiu isiyokatika, akikojoa mara kwa mara na kukonda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.