Gari limetengenezwa, bei imeanguka: nani alipe tofauti?

Mnunuzi wa gari lililotumika, awe Sirari au Mugumu, hana haraka ya kuwasha injini. Kwanza huinama akatazama chasisi, hupitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, kisha hulinganisha rangi ya boneti na ya ubavuni. Akigundua kuwa bodi limenyooshwa, bei huanza kushuka hapo hapo. Fundi anaweza kuwa hodari na vipuri vikawa vipya, lakini limekwisha kuitwa gari la ajali, na jina hilo hulifuata hadi siku ya kuuzwa.

Kwa wafanyabiashara wengi wa wilaya za Tarime na Serengeti gari ndiyo akiba. Ni Noah au Hiace ya abiria, pikapu ya mizigo ya mnadani, au Land Cruiser inayokodishwa kwa wageni wanaoingia hifadhini kupitia lango la Ikoma. Hununuliwa, hufanya kazi miaka kadhaa, kisha huuzwa ili mtaji urudi. Mwenye gari aliyegongwa kwa kosa la mwingine, akalipwa gharama za gereji tu, amepoteza sehemu ya mtaji wake. Mara nyingi hatambui mpaka dalali amtajie bei.

Hasara hiyo hudaiwa, ila ni lazima ijulikane inadaiwa kwa nani. Mwenye bima kubwa hukimbilia kwanza kampuni yake mwenyewe, na hapo kwa kawaida hukwama. Mkataba wa bima kubwa huahidi kulitengeneza gari, au kulilipa likiwa limeharibika kabisa. Kushuka kwa bei sokoni baada ya matengenezo kwa kawaida hakumo, na mikataba mingi hukutaja waziwazi miongoni mwa mambo yasiyolipwa. Dai lenyewe ni la uzembe, na mdaiwa ni yule aliyesababisha ajali. Kama dereva alikuwa kazini, mwajiri wake naye huwajibika. Hili lina maana kubwa kwa ajali ya lori, kwani dereva wa kibarua huenda hana hata baiskeli ya kukamatwa, ilhali mwenye lori anayo mali.

Bima ndogo ya huyo mkosaji nayo ina mpaka wake. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kinga kwa vifo na majeraha ya watu wengine. Uharibifu wa mali ya mtu mwingine hutegemea kilichoandikwa katika mkataba na kikomo chake. Kwa hiyo namba ya stika ya bima ichukuliwe pale pale barabarani, kisha kampuni husika iulizwe kwa maandishi mkataba huo unabeba nini.

Je, mahakama inaweza kukubali dai la namna hii? Tanzania ilipokea sheria za kawaida za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu za Waingereza za baada ya hapo hazifungi mahakama zetu ila husikilizwa kwa heshima. Mwaka 1974 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika shauri la Payton dhidi ya Brooks, ilikubali kuwa gari lililotengenezwa vizuri linaweza kubaki na thamani pungufu, na kwamba upungufu huo unalipika. Hata hivyo mdai alishindwa, kwa sababu ushahidi wake wa bei haukutosha. Huko Marekani, Mahakama Kuu kabisa ya jimbo la Georgia ilikwenda mbali zaidi mwaka 2001: kampuni ya bima yenyewe impimie mteja wake upungufu huo hata kama hakuuomba. Mteja wa Tarime asitegemee ukarimu wa aina hiyo.

Kilichomwangusha mdai wa Uingereza ndicho kinachoangusha madai mengi hapa nyumbani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe la mwaka 1992, ilisisitiza kwamba hasara mahsusi lazima itajwe waziwazi katika hati ya madai na ithibitishwe. Kusema tu kuwa gari "limeshuka bei sana" hakuleti hata senti.

Chukulia gari lililokuwa na thamani ya shilingi milioni 28 asubuhi ya ajali. Matengenezo ya milioni 6 yamelipwa. Baada ya kutoka gereji thamani yake ni milioni 24. Dai la kushuka thamani ni milioni 4, nje ya ile 6 ya gereji. Wengi hukosea hapa kwa kuanzia bei waliyonunulia. Kama gari lilinunuliwa kwa milioni 35 miaka mitatu nyuma, zile 7 za mwanzo zimeliwa na uchakavu, wala hazimhusu aliyegonga. Vilevile gari lililokwisha kugongwa siku za nyuma haliwezi kudai kupoteza sifa ambayo halikuwa nayo.

Ili namba hizo zisimame, mthamini mwenye sifa aandike thamani mbili, ya kabla ya ajali na ya baada ya matengenezo, akieleza alivyozipata. Ofa za wanunuzi ziwe za maandishi, na waliozitoa wawe tayari kuja kutoa ushahidi. Picha za uharibifu zipigwe kabla fundi hajagusa kitu. Hati za gereji, ripoti ya polisi, ramani ya tukio na ripoti ya ukaguzi wa gari vyote vitunzwe. Dereva mkosaji akishitakiwa na kutiwa hatiani, nakala ya hukumu ina nguvu ya pekee: muda wa rufaa ukipita, huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili wa kosa hilo. Faini ya papo hapo iliyolipwa kando ya barabara haiachi hukumu ya namna hiyo.

Mtego mkubwa kuliko yote ni karatasi ya kumaliza madai. Kampuni ya bima ya mkosaji inapotoa hundi ya gereji, hutaka mlipwaji asaini kwamba hana dai jingine lolote kuhusu ajali ile. Mwenye gari, akiwa na hamu ya kurudi barabarani, husaini. Siku dalali anapomtajia milioni 24, mlango umekwisha kufungwa. Kabla ya kusaini, aandike kwamba malipo yale ni ya matengenezo tu, na dai la thamani linabaki. Kampuni ikikataa, ajue kuwa anauza dai lake kwa bei ya hundi ile. Mwenye malalamiko dhidi ya kampuni ya bima anaweza kuyapeleka TIRA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Muda wa kufungua shauri la uzembe ni miaka mitatu. Iwapo gari lililogonga ni la serikali, halmashauri au shirika la umma, notisi ya siku 90 hutangulia, na shauri huenda Mahakama Kuu, ambayo kwa Mara inakaa Musoma. Madai dhidi ya mtu binafsi huanzia Mahakama ya Wilaya.

Magari ya Kenya yanayovuka Sirari ni suala jingine. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki katika mpango wa Kadi ya Njano, unaobeba dhima kwa watu wengine nje ya nchi ya gari. Namba ya kadi hiyo na namba ya gari zinakiliwe kabla dereva hajarudi Isebania. Aliyegonga pundamilia njiani kwenda Robanda hana wa kumdai. Amebakiwa na bima yake kubwa, kama anayo.

Kuna magari ambayo dai hili halifai kuhangaikiwa. Gari la miaka 20 ambalo bodi limekwisha kupigwa rangi mara mbili limebakiza thamani ndogo ya kupotea, na ada ya mthamini na wakili huweza kuzidi kinachodaiwa. Dai lina uzito kwa gari lenye umri mdogo, ambalo halijawahi kugongwa, na lililoumia chasisi au nguzo za bodi. Bampa na taa hubadilishwa na mnunuzi asijali. Chasisi iliyonyooshwa haifichiki.