Hita Ndiyo Inayokula Chaji

Kila baridi ikianza, binamu yangu wa Mwanza hunitumia video ileile: foleni ya magari ya umeme kwenye vituo vya kuchajia Chicago, Januari 2024. "Mlipigwa," ananiandikia. Nami niko Oslo, katika nchi ambayo mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na baridi tunayo ya kutosha.

Lakini hana makosa kabisa. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Ilipowashwa, asilimia 41. Baridi huizubaisha betri, ndiyo, ila mlaji mkubwa ni sisi tunaotaka kuendesha bila koti.

Injini ya petroli ni kama mafiga matatu: sufuria hupata moto kiasi, uliobaki unapasha jiko zima pamoja na macho ya mpishi. Zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta hupotea kuwa joto, na hita ya gari huchota humo humo. Mota ya umeme haipotezi hivyo, kwa hiyo haina joto la kugawa. Lazima litoke kwenye betri. Hita ya koili, ndugu ya ile ya kuchemshia maji ya kuoga, yaweza kula kilowati 4. Ukikwama saa moja kwenye theluji, zimekwenda uniti 4, kama zile za umeme wa LUKU wa Tanzania, ambazo zingekufikisha kilomita 20 hivi.

Pampu ya joto ni nafuu zaidi. Gusa nyuma ya friji: joto lile limetolewa ndani, kwenye nyama na soda. Pampu nayo hulichota kwenye hewa ya nje, hata iliyo baridi, na kwa uniti moja ya umeme huweza kukupa mbili au tatu za joto. Baridi ikizidi sana, faida hiyo hupungua. Tesla ilianza kuitumia kwenye Model Y ya 2020. Nissan Leaf iliitangulia kwa miaka.

Mimi hulipasha gari asubuhi likiwa bado kwenye chaja, njiani nikategemea kiti cha moto.

Na ile foleni ya Chicago? Betri iliyopoa sana hupokea chaji kwa kusuasua, maana gari lenyewe huubana umeme lisiiharibu. Kila aliyefika mbele alikaa sana, na wa nyuma walimngoja hita zikiwa zimewashwa.