Je, Wajua? Seremala nyuma ya daktari wa moyo

Tarehe 29 Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, Dkt. Alfred Blalock alimpasua kifua mtoto aliyekuwa akigeuka rangi ya buluu kwa upungufu wa oksijeni. Aliunganisha mshipa uendao mkononi na ule upelekao damu mapafuni, damu ipate njia ya pili. Wazo lilikuwa la Dkt. Helen Taussig. Lakini aliyeujaribu upasuaji huo kwanza kwa mbwa ni Vivien Thomas, Mmarekani mweusi aliyeanzia useremala na hakusomea udaktari kabisa. Siku hiyo alisimama juu ya kigoda nyuma ya Blalock, akimwelekeza. Huko Nashville walikoanzia kazi pamoja, alilipwa kwa cheo cha mfagizi! Shahada ya heshima ilimfikia mwaka 1976.