Sauti za Mpakani: Biashara ya Makala za Redio kati ya Gisenyi na Dunia

Makala ya sauti hutengenezwa kwa wiki kadhaa na kusikilizwa kwa chini ya nusu saa. Kwa idhaa kubwa za kimataifa, dakika 26 au 27 ndicho kipimo kilichozoeleka, kwa sababu nusu saa ya ratiba lazima iache nafasi ya taarifa ya habari. Nyuma ya dakika hizo kuna kutafuta watu, kuwahoji kwa saa nyingi, kutafsiri na kuhariri. Tofauti ya makala na taarifa ya habari haiishii kwenye urefu. Taarifa hueleza kilichotokea. Makala humfanya msikilizaji amsikie aliyefikwa na jambo, kwa lafudhi yake mwenyewe, akisita, akicheka, huku mlango ukifungwa nyuma yake au mtoto akimwita.

Mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, una malighafi ya kazi hii kwa wingi usio wa kawaida. Umeshikana na Goma kiasi kwamba mitaa ya Rwanda inapokoma ndipo ya Kongo inapoanza. Kwenye kivuko cha Petite Barrière, kabla ya Uviko-19, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka kwa miguu kila siku: wanawake wenye nyanya na kabichi, watu wenye ulemavu kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo, wanafunzi, vibarua. Mtayarishaji akisimama hapo na kinasa sauti hahitaji muda mrefu kupata Kinyarwanda, Kiswahili cha Goma, Kifaransa na mabishano ya bei yanayochanganya zote tatu.

Jioni hali ni nyingine. Wavuvi wa sambaza huingia Ziwa Kivu na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakipiga makasia kwa nyimbo za kuitikiana. Fundi anayeijua kazi huwarekodi mara mbili. Kwanza husimama ufukweni, wimbo ukimjia kutoka mbali juu ya maji. Kisha huingia mtumbwini na kuiweka maikrofoni karibu na kasia, ili mti unaosugua ukingo na pumzi ya mvuvi visikike. Rekodi ya kwanza hufungua makala, na ya pili humwingiza msikilizaji kazini. Hata samaki mwenyewe ana kisa cha kusimulia: sambaza waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio wanaobeba uvuvi wa ziwa lote.

Hata hivyo, soko la dunia huja Gisenyi kwa vipindi, na mara nyingi huja na msiba. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya watu wa Goma walikimbilia Rubavu, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba pande zote mbili za mpaka. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, makombora yaliyotua Rubavu yaliua raia, na mamluki wapatao 300 kutoka Romania walivuka mpaka kujisalimisha mbele ya kamera na maikrofoni za dunia. Katika siku kama hizo mtu wa hapo anayejua lugha, njia na wazee wa mitaa hutafutwa usiku na mchana. Dharura ikipoa, simu huacha kulia. Biashara inayotegemea maafa haiwezi kumlea fundi mwenye familia.

Historia ya redio katika eneo hili inaeleza kwa nini msikilizaji ana shauku kubwa na tahadhari kubwa kwa wakati mmoja. Radio Rwanda ilianza mwaka 1961. Kuanzia 1965 hadi 2015 Deutsche Welle ilikuwa na kituo cha kurushia matangazo karibu na Kigali, na kwa nusu karne sauti iliyotayarishwa Ujerumani ilisambazwa Afrika kutokea ardhi ya Rwanda. Kisha ukaja mwaka 1994, ambapo kituo cha RTLM kiligeuza redio kuwa silaha ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliyokuwa Arusha iliwahukumu pamoja waasisi wawili wa RTLM na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura na mzaliwa wa Gisenyi. Rufaa ya 2007 ilipunguza vifungo, lakini hukumu hiyo bado ni ya lazima kusomwa na kila anayeshika maikrofoni. Katika mji huu, kumpa mtu nafasi ya kusema maneno yoyote bila kuyapima ni hatari inayojulikana kwa majina na makaburi. Kwa hiyo uhakiki wa ushuhuda ni sehemu ya gharama tangu siku ya kwanza ya kazi.

Baada ya 1994 redio ilijengwa upya kwa fedha za nje. BBC ilianzisha matangazo kwa ajili ya Maziwa Makuu mwaka huohuo, yakiwasaidia waliopotezana kutafutana. Mjini Bukavu, waandishi wa Uswisi walianzisha Radio Agatashya Agosti 1994, na kutokana na juhudi hizo ikazaliwa Fondation Hirondelle mwaka 1995. Shirika hilo kwa kushirikiana na Umoja wa Mataifa lilianzisha Radio Okapi mwaka 2002, inayotangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Upande wa Rwanda, redio za kibinafsi zilirudi hewani mwaka 2004, Radio 10 ikiwa ya kwanza.

Shule kubwa ya ufundi, hata hivyo, ilikuwa michezo ya redio. Urunana, mchezo wa Kinyarwanda kuhusu afya, ulianza 1999. Musekeweya, ulioanzishwa 2004 na shirika la Kiholanzi la Radio La Benevolencija, uliwapa wasikilizaji vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, ili wajadili chuki na upatanisho bila kutaja kabila la mtu. Shirika hilohilo lilitengeneza Kumbuka Kesho kwa Kiswahili kwa ajili ya mashariki ya Kongo. Hizi si makala halisi, kwa kuwa wahusika wamebuniwa. Lakini ndimo kizazi kizima cha waandishi na mafundi wa sauti kilimojifunza jinsi tukio linavyojengwa kwa masikio peke yake. Bila michezo hiyo, uwezo wa kutengeneza makala ndefu katika ukanda huu ungekuwa mdogo sana.

Kwa upande wa gharama, vifaa si kizuizi kama zamani. Mashine za Nagra, alizozianzisha Stefan Kudelski nchini Uswisi mwaka 1951, zilikuwa nzito na za bei ya mashirika. Leo kinasa sauti kizuri huingia mfukoni, programu ya kuhariri ya Audacity ni ya bure, na leseni ya Reaper kwa mtumiaji mdogo ni dola 60. Fedha sasa inakwenda kwa watu na muda. Mahojiano ya saa moja huchukua saa kadhaa kuandikwa neno kwa neno, na yakiwa yamechanganya Kinyarwanda na Kiswahili cha Goma, aliyesoma Kiswahili cha Dar es Salaam peke yake hatayamaliza salama.

Halafu kuna mpaka wenyewe. Mwandishi anahitaji kibali nchini Rwanda, ambako Tume ya Vyombo vya Habari ndiyo hutoa vitambulisho vya wanahabari, na kibali kingine upande wa pili, ambako tangu Januari 2025 wanaoshikilia Goma si serikali ya Kinshasa. Saa za kuvuka nazo hubadilika na siasa. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa kwa risasi kwenye Petite Barrière, Kongo ilianza kufunga mpaka saa 9 alasiri. Makala yenye mhusika mmoja Gisenyi na mwingine Goma, ambao nyumba zao mtu angeweza kuzitembelea zote kwa miguu asubuhi moja, hula siku mbili au tatu. Siku hizo zote ni za kulipiwa.

Gharama moja haionekani kwenye bajeti za wengi, nayo ni kumlinda anayesimulia. Sauti humtambulisha mtu hata jina likifichwa. Sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 kuhusu data binafsi inataka ridhaa ya mhusika, na ridhaa ya kweli haipatikani kwa kusaini karatasi mlangoni. Mfanyabiashara wa magendo madogo, mjane, kijana aliyetoroka kundi la waasi: kila mmoja anapaswa kuelezwa makala itasikika wapi, kwa lugha gani, na kwamba jirani yake anaweza kuisikia kwenye simu. Mtayarishaji makini hurudi baada ya matangazo kuangalia kama mambo ni salama. Safari hiyo ya kurudi karibu kamwe hailipwi.

Anayelipa ni nani? Vyanzo ni vitatu. Cha kwanza ni idhaa za nje zinazoagiza makala na kumkodi mwenyeji kwa siku. Mwenyeji hupata watu, hutafsiri, huendesha gari na kuwatuliza maofisa, kisha jina lake hutajwa mwishoni au halitajwi kabisa. Cha pili ni wafadhili wanaolipia vipindi kuhusu afya, amani au kilimo. Cha tatu ni matangazo ya biashara, na hapa makala haina bahati. RC Rubavu, kituo cha jamii chini ya Shirika la Utangazaji la Rwanda, na vituo vya kibinafsi hushindania wateja walewale: kampuni za simu, benki na vinywaji. Bralirwa, yenye kiwanda cha bia Gisenyi tangu 1957, ni jirani wa karibu. Wateja hao hununua nafasi kwenye michezo na muziki, vipindi vinavyojazwa kila siku kwa gharama ndogo. Makala moja kwa mwezi haiwezi kushindana na mjadala wa soka wa kila asubuhi.

Vyanzo viwili vya kwanza vimetikiswa kwa muda wa muongo mmoja hivi. Matangazo ya BBC kwa Kinyarwanda yalisimamishwa Rwanda kuanzia Oktoba 2014, kufuatia mgogoro kuhusu filamu ya televisheni. Mwaka 2022 shirika hilo lilitangaza kupunguza nafasi 382 za kazi katika huduma zake za kimataifa. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada ya USAID, na miradi ya habari iliyofadhiliwa nayo duniani kote ikakwama. Machi mwaka huohuo, Sauti ya Amerika ilinyamazishwa kwa amri ya rais. Kwa mafundi wa ukanda wa Kivu, hayo yalimaanisha kupungua kwa wanunuzi wakati ambapo visa vya kusimulia vilikuwa vikiongezeka.

Tumaini la wengi ni podikasti. Spotify ilifunguliwa Rwanda, Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2021. Nairobi imekuwa makao ya Africa Podfest, iliyoifanya tarehe 12 Februari kuwa Siku ya Podikasti ya Afrika. Lakini hesabu ya msikilizaji ni ya shilingi na faranga. Makala ya dakika 27 kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ina megabaiti 26 hivi. Ikipunguzwa hadi 64, ambayo inatosha kwa sauti ya mtu, ni 13. Mtu anayenunua bando la siku ataona tofauti hiyo. Redio ya FM haimtozi kitu, na mawimbi yake hayaonyeshi pasipoti mpakani. Ndiyo maana utaratibu unaofaa hapa ni kuitangaza makala hewani kwanza na kuisambaza kwenye simu baadaye, katika faili nyepesi.

Katika hesabu hiyo kuna faida ambayo soko limeipuuza. Makala ya Gisenyi inapotengenezwa kwa Kiingereza, sauti ya mhusika husikika kwa sekunde chache, kisha hufunikwa na mkalimani. Msikilizaji hupoteza kile hasa kilichomleta. Ikitengenezwa kwa Kiswahili, mama wa Petite Barrière anayezungumza Kiswahili cha Goma anaeleweka Mombasa, Mwanza na Lubumbashi bila kufunikwa. Tafsiri inabaki kwa sehemu za Kinyarwanda tu, gharama inapungua, na kazi inakuwa nzuri zaidi. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Deutsche Welle ilionyesha tangu 2008, kwa mfululizo wa Noa Bongo, kwamba kipindi kilichotengenezwa kwa uangalifu kinaweza kutumika katika nchi nyingi. Makala moja ya Kiswahili ingeweza kuuzwa kwa vituo kumi, kila kimoja kikilipa kiasi kidogo. Kinachokosekana ni wakala wa kuunganisha vituo hivyo na bei inayojulikana.

Suala la mwisho ni umiliki. Mahojiano ya saa 10 huzaa makala moja, na zaidi ya saa 9 hubaki. Kwa kawaida hubaki kwa aliyelipa, mbali na Kivu, hata yakiwa na nyimbo za wavuvi au ushuhuda wa mzee ambaye hatahojiwa tena. StoryCorps, iliyoanzishwa New York mwaka 2003, huwapa wahusika nakala ya mazungumzo yao ya dakika 40, na kwa idhini yao nyingine huenda Maktaba ya Bunge la Marekani. Kigali nako, Hifadhi ya Nyaraka za Mauaji ya Kimbari inatunza shuhuda zilizorekodiwa. Kiufundi jambo hili ni rahisi: rekodi ya ubora wa juu, ya biti 24 na kilohezi 48, huchukua takriban gigabaiti 1 kwa saa, hivyo diski ya terabaiti 1 hutunza zaidi ya saa 900. Kazi kubwa iko kwenye mkataba, unaopaswa kutaja kabla ya kinasa sauti kuwashwa nani anabaki na rekodi ghafi, mtayarishaji wa Gisenyi anaruhusiwa kuiuza upya kwa lugha gani, na msimuliaji atapewaje nakala yake.