Kwa nini miguu huwa mizito dakika za lala salama

MASHABIKI wa kandanda wameizoea hali hii: timu iliyotamba kipindi cha kwanza huanza kuyumba kufikia dakika ya 75. Beki anachelewa kurudi, kiungo anapoteza mpira, na bao la kusawazisha linaingia. Lawama humwangukia mchezaji anayedaiwa kuwa mvivu. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo kimo ndani ya misuli, na kilianza siku moja kabla ya mechi.

Katika dakika 90, mwanasoka huenda umbali wa kilomita 10 hadi 12. Anapochomoka ghafla kuufukuza mpira, misuli hutumia akiba ya kemikali iitwayo fosfokreatini, ambayo hudumu kwa sekunde chache tu na hujijaza tena anapopumua na kutembea. Kazi iliyobaki huendeshwa na mafuta pamoja na glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye misuli. Mafuta ni mengi mwilini, lakini huungua polepole mno kuweza kukidhi mbio za kasi. Glaikojeni huungua haraka, ila ina kikomo.

Mtafiti wa Uswidi, Bengt Saltin, alilidhihirisha hilo mwaka 1973. Wachezaji walioanza mechi na akiba pungufu, baada ya mazoezi makali siku iliyotangulia, walikuwa karibu wameimaliza kufikia mapumziko. Walitembea takriban nusu ya umbali wao wote. Wenzao walioingia na akiba kamili walitembea kiasi cha robo tu.

Ndiposa mazoezi mazito, kama vile mbio fupi za kasi zinazorudiwa, hufaa mapema katika wiki. Hayo huimarisha uwezo wa misuli kutumia oksijeni na kuchoma mafuta, hivyo glaikojeni ikahifadhiwa. Mechi inapokaribia, mazoezi hupunguzwa.

Chakula nacho hakina budi kuongezwa. Wataalamu wa lishe hupendekeza gramu 6 hadi 8 za wanga kwa kila kilo ya uzani siku ya kuamkia mechi. Kwa mchezaji wa kilo 70, hizo ni gramu 420 au zaidi, na zinapatikana katika ugali, wali, viazi vitamu, ndizi na uji. Mlo wa mwisho uliwe saa tatu au nne kabla ya kipenga. Githeri ni chakula bora siku nyingine, lakini nyuzinyuzi zake humlemea mchezaji tumboni akiila karibu na mechi. Mchezo ukiisha, wanga uliwe mapema pamoja na maharagwe, mayai au maziwa ili misuli ijijenge upya.

Mchezaji anayeingia uwanjani na chai ya rangi tu tumboni hawezi kuokolewa na kelele za kocha. Klabu isiyo na uwezo wa kuajiri mtaalamu wa lishe yaweza kuanza na sufuria ya ugali usiku wa kuamkia mechi.