Kilometa za Angani na Saa za Njiani

Miji ya Morogoro na Dar es Salaam iko karibu katika latitudo moja, na longitudo zake zapishana kwa digrii 1.6 hivi. Karibu na Ikweta digrii moja ya longitudo ni kama kilometa 110. Kwa hiyo umbali wa angani ni kilometa 180 hivi. Ndege iendayo kilometa 450 kwa saa, bila kuhesabu muda wa kupaa na kutua, yahitaji dakika 24. Ikikabiliwa na upepo wa kilometa 50 kwa saa, yahitaji 27. Ikirudi na upepo huo mgongoni, 21.6. Jumla ni dakika 48.6, wala si 48, kwani ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upepo unaoipinga kuliko katika ule unaoisukuma.

Ardhini mambo ni magumu zaidi. Kusini mwa Morogoro imesimama milima ya Uluguru, yenye vilele vipitavyo meta 2,600. Barabara ya Mgeta huizunguka kwa magharibi kupitia Mzumbe, ndipo ipande kwa kona nyingi. Rula iwekwayo juu ya ramani haizioni kona hizo, wala matope ya masika. Mkulima mwenye kabichi za kuuza, au mgonjwa anayeteremshwa hospitali, huzihesabu zote.